Kuchagua Si Kulea

Miongoni mwa methali ambazo sisi walimu huzitumia sana ni ile isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii ni tamu masikioni, na mara nyingi ina kweli ndani yake. Lakini ikishikwa kuwa kanuni ya kazi ya ualimu, huleta madhara mawili. Kwanza, humfanya mwalimu aamini kwamba kazi yake kubwa ni kuitambua nyota, na kwamba ikishatambuliwa itang'aa yenyewe. Pili, humfanya awasahau watoto ambao asubuhi yao ilikuwa na mawingu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuchagua ni kazi ya siku moja, na kulea ni kazi ya miaka. Kwa hiyo, aliyechaguliwa wa kwanza akififia, yafaa tuyachunguze malezi aliyoyapata baada ya kuchaguliwa, kabla ya kumlaumu yeye au kuulaumu uchaguzi wenyewe.

Jambo hili lawahusu sana walimu-wanachuo. Majuma machache tu baada ya kufika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo huombwa achague: viranja, wanafunzi wa kushindana katika chemshabongo, na wachezaji wa timu ya shule itakayoshiriki mashindano ya UMITASHUMTA. Tuchukue shule ya msingi iliyoko katika kata ya Mpale, kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe. Mashindano huanza shuleni, huenda katani, kisha wilayani, mkoani, na mwisho taifa. Mtoto anayechaguliwa Mpale ataweza kujikuta siku moja ameteremka mpaka Korogwe mjini, kati ya watoto makumi waliochaguliwa kama yeye. Aliyekuwa wa kwanza kijijini sasa ni mmoja katika kundi. Je, atakuta nini huko? Na akirudi nyumbani, atamkuta mwalimu aliyemchagua akimngoja na kazi gani? Maswali hayo mawili yana uzito kuliko swali la nani achaguliwe.

Mfano wa Mbali

Katika nchi ya Marekani upo mchezo wa mpira ambao huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Mchezaji mkuu wa timu huitwa kwotabeki. Karibu kila shambulizi huanza mikononi mwake, naye ndiye aamuaye, katika muda wa sekunde mbili au tatu, kama ataurusha mpira, kwa nani, au atampa mwenzake akimbie nao. Kila mwaka timu za ligi kuu huchagua vijana wapya kwa zamu. Timu iliyofanya vibaya zaidi katika msimu uliopita ndiyo hupewa zamu ya kwanza. Kabla ya kuchaguliwa, vijana hupimwa kimo, uzito, mbio, nguvu za mkono na hata akili. Timu hutumia fedha nyingi na wataalamu wengi katika kazi hiyo. Hata hivyo baadhi ya vijana waliochaguliwa mwanzoni kabisa wamekuwa mashujaa, na wengine wametoweka baada ya misimu michache.

Mwaka 1998 wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Peyton Manning, na wa pili Ryan Leaf. Wakati ule walikuwako wataalamu waliobishana kwa dhati ni yupi kati yao aliye bora. Wote wawili walianza vibaya. Manning alirusha mpira ukanaswa na wapinzani mara 28 katika msimu wake wa kwanza, na timu yake ya Indianapolis ikashinda michezo 3 tu kati ya 16. Hata hivyo hakuondolewa uwanjani. Kocha wa mashambulizi aliyeanza naye mwaka ule, Tom Moore, alifanya naye kazi kwa zaidi ya miaka kumi, kwa mpango uleule na lugha ileile ya ishara. Msimu wa pili timu ilishinda michezo 13, na Manning akaja kuwa mmoja wa wachezaji wakuu katika historia ya mchezo huo. Kwa upande wa Leaf, kocha mkuu aliyempokea huko San Diego aliachishwa kazi kabla msimu wa kwanza haujafika nusu. Leaf akaondolewa uwanjani, akaumia bega, na mwenendo wake mwenyewe ukamharibia zaidi. Baada ya misimu mitatu timu ilimwacha, na kabla ya msimu wa 2002 kuanza alikuwa amekwisha kuuaga mchezo.

Mwaka 2005 unatupa mfano mwingine. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Alex Smith, aliyekwenda San Francisco. Aaron Rodgers, aliyetazamiwa kuwa miongoni mwa wa mwanzo, alingoja mpaka nafasi ya 24, akaenda Green Bay. Smith aliingizwa uwanjani mwaka uleule, na katika miaka yake ya mwanzo alibadilishiwa kocha wa mashambulizi karibu kila msimu. Kila kocha alikuja na mpango wake, maneno yake na matakwa yake, na kijana akaanza tena alifu kwa kijiti. Rodgers alikaa misimu mitatu nyuma ya mkongwe Brett Favre, akijifunza na kufanya mazoezi. Alipokabidhiwa timu mwaka 2008 alikuwa tayari, na mapema mwaka 2011 akaipatia ubingwa. Lakini lililo la maana zaidi kwetu ni lile lililompata Smith baadaye. Mwaka 2011 alikuja kocha Jim Harbaugh, akampa mpango unaolingana na uwezo wake. Timu ileile iliyokuwa ikidharauliwa ilishinda michezo 13 kati ya 16. Mtu aliyekuwa amekwisha kuitwa hasara alionekana kuwa mchezaji wa kutegemewa, na aliendelea kucheza kwa miaka mingi.

Kisha yuko Tom Brady, aliyechaguliwa mwaka 2000 katika nafasi ya 199. Msimu wake wa kwanza alikaa karibu wote bila kucheza. Mwaka 2001 aliingia uwanjani kwa sababu mwenye nafasi yake aliumia, na mpaka alipostaafu alikuwa ametwaa ubingwa mara saba. Vipimo vyote vya wataalamu havikuweza kuona kilichokuwa ndani ya kijana huyo.

Msomaji aweza kutoa hoja mbili dhidi ya mifano hii. Hoja ya kwanza: pengine Manning na Rodgers walikuwa bora tangu mwanzo, na wangeshinda popote. Hoja hii haiwezi kukanushwa kabisa, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuishi maisha mawili. Lakini habari ya Smith inaipunguzia nguvu, maana hapo mtu ni yuleyule, na kilichobadilika ni mlezi na mpango. Hoja ya pili: pengine siri ni kumngojesha kijana mpaka akomae. Habari ya Manning inatuzuia kusema hivyo, kwa kuwa yeye hakungojeshwa hata siku moja. Alicheza, akakosea mbele ya watu, akaachwa aendelee kukosea na kusahihishwa na mtu yuleyule. Rodgers alipata utulivu kwa kungoja; Manning aliupata ndani ya makosa. Walichokuwa nacho wote wawili ni mafunzo yasiyokatika na walezi wasiotishika upesi.

Tena tuangalie utaratibu wenyewe wa zamu. Aliyechaguliwa wa kwanza hupelekwa kwenye timu dhaifu kuliko zote, yaani kwenye nyumba ambayo mara nyingi paa linavuja na makocha wanakaribia kufukuzwa. Huko huambiwa aiokoe. Basi mtu asistaajabu akiona kwamba heshima ya kuchaguliwa kwanza, mara nyingine, ni mzigo uliofungwa kwa karatasi ya zawadi.

Mfano wa Nyumbani

Wanachuo wetu wanamjua zaidi Mbwana Samatta kuliko hao tuliowataja. Samatta alipanda ngazi kidato kwa kidato. Aliichezea African Lyon, kisha Simba, na mwaka 2011 akahamia TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko alikaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, na Januari 2016 Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huohuo alikwenda KRC Genk ya Ubelgiji, nako akakaa miaka minne. Katika msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, na Genk ikawa bingwa.

Januari 2020 alinunuliwa na Aston Villa ya Uingereza, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya nchi hiyo. Alifunga bao katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, na akafunga tena katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City tarehe 1 Machi. Kisha ligi ikasimama kwa ajili ya ugonjwa wa korona mpaka Juni. Villa ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja, na katika hali hiyo kila mchezo ulikuwa mtihani wa mwisho. Msimu ulipokwisha Samatta alikuwa amecheza michezo 14 ya ligi na kufunga bao 1. Septemba mwaka uleule akatolewa kwa mkopo kwenda Fenerbahçe ya Uturuki.

Hakuna mtu wa akili timamu atakayesema kwamba mfungaji wa mabao 23 aliusahau mpira kwa muda wa miezi sita. Miguu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mahali, wenzake, namna ya kupewa mpira, na hasa muda wa kuzoea. Genk ilikuwa na nafasi ya kumjenga. Villa ilihitaji mabao ya Jumamosi ijayo. Sisemi kwamba Villa ilitenda dhuluma, maana timu inayozama hutafuta kamba iliyo karibu. Nasema tu kwamba matokeo ya mtu hayasomeki bila kusoma mahali alipowekwa.

Makosa ya Mzani

Yapo pia makosa yaliyomo katika mzani wenyewe tunaopimia. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana wa Kanada wanaocheza magongo ya barafuni. Waliona kwamba wengi kupita kiasi kati ya waliochaguliwa katika timu za juu walizaliwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Sababu yake ni nyepesi. Umri huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, na mtoto aliyezaliwa Januari humzidi wa Desemba kwa karibu mwaka mzima. Katika utoto, mwaka mmoja ni kimo, ni kifua, ni mbio. Makocha walidhani wanachagua vipaji, na kwa sehemu kubwa walikuwa wakichagua siku za kuzaliwa. Kisha waliochaguliwa walipata mazoezi mengi zaidi, na tofauti iliyokuwa ya umri ikageuka kuwa tofauti ya ujuzi.

Tulete jambo hili katika shule zetu. Huko Mpale, au katika tambarare za Handeni, watoto wa darasa moja hawatofautiani kwa miezi tu. Mmoja alianza shule mapema, mwingine alichelewa kwa sababu ya umbali, ugonjwa au kazi za nyumbani. Mvulana aliye mrefu katika Darasa la Tano huenda ni mkubwa kwa miaka miwili kuliko jirani yake. Mwanachuo akitazama uwanja kwa nusu saa na kuandika majina kumi na moja, aelewe kwamba pengine ameandika orodha ya wakubwa. Miaka miwili baadaye wadogo watakua, na wakubwa waliosifiwa watashangaa kuona sifa imewahama.

Darasani mambo ni hayohayo. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walitoa kitabu kuhusu shule moja ya msingi ya California. Walimu waliambiwa kwamba baadhi ya wanafunzi walikuwa karibu kuchanua kiakili. Kwa kweli majina hayo yalitolewa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka watoto hao, hasa wa madarasa ya chini, walionekana kwa wastani kupanda zaidi ya wenzao katika mtihani wa akili. Wataalamu wengine wamebishana sana juu ya ukubwa wa matokeo hayo, nasi yafaa tuwe na hadhari. Lakini kila mwalimu mkweli anaijua njia ambayo imani hupitia: anayetazamiwa kufaulu huulizwa zaidi, hungojewa zaidi, na kosa lake husahihishwa kwa upole. Mary Budd Rowe, katika uchunguzi wake wa miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wengi hungojea jibu kwa muda wa sekunde moja hivi. Waliporefusha kungoja hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu na yenye hoja, na watoto waliozoea kunyamaza walianza kusema. Sekunde mbili za subira ni malezi, na hazigharimu hata senti moja.

Yafaayo Kutendwa

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matano kwa mwanachuo aendaye kwenye mazoezi ya kufundisha.

Kwanza, asichague kwa siku moja. Awatazame watoto mara tatu au zaidi, katika siku mbalimbali na kazi mbalimbali. Siku ya kwanza kila mtoto aupitishe mpira kati ya mawe kumi, na mwalimu aandike amegusa mangapi. Baada ya majuma manne zoezi lirudiwe. Aliyeshuka kutoka mawe manane mpaka mawili ameonyesha jambo kubwa kuliko aliyebaki katika mawe mawili tangu siku ya kwanza.

Pili, kandokando ya kila jina aandike umri kutoka katika rejesta. Safu hiyo moja itamfumbua macho. Mara nyingi mdogo anayekaribiana na mkubwa ndiye wa kutazamiwa zaidi.

Tatu, ampe aliyechaguliwa kazi inayolingana naye, na muda unaojulikana. Kijana mrefu mwenye mbio asifungwe golini kwa sababu ya urefu wake tu. Tena aambiwe mapema: nafasi hii ni yako mpaka mwisho wa muhula, na makosa yako tutayasahihisha pamoja. Mtoto anayeogopa kuondolewa kwa kila kosa hucheza kwa hofu, na mtu mwenye hofu hajifunzi.

Nne, alinde mfululizo wa mafunzo. Walimu huhamishwa, na wanachuo hurudi chuoni baada ya majuma machache. Basi kabla ya kuondoka aache daftari la makabidhiano lenye jina la kila mtoto, alichokiweza, alichokuwa akijifunza, na maneno yaliyotumika kumwelekeza. Mwalimu ajaye asome kwanza daftari hilo kabla ya kuleta mapya yake. Yaliyompata Alex Smith hupata watoto wetu kila mwaka katika hesabu na kusoma, pale kila mwalimu mpya anapofuta ubao wa mwenzake na kuanza upya.

Tano, aliyechaguliwa asitengwe na masomo wala na wenzake. Akiteremka Korogwe kwa mashindano, masomo aliyoyakosa yawekwe tayari. Akirudi bila kikombe, apokewe kama alivyoagwa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyebebeshwa heshima ya kata nzima, kisha akapokewa kwa kimya, hujifunza kwamba alipendwa kwa ajili ya mabao yake tu.

Limebaki jambo moja, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Timu ina nafasi kumi na moja, na darasa lina watoto arobaini, sitini, au zaidi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu iliyopangwa kwa ajili ya wachache watakaoendelea mbele, akataka elimu ya msingi iwe kamili kwa yule ambaye hatakwenda zaidi ya hapo. Mpango wa shule umebadilika mara nyingi tangu wakati huo, lakini onyo hilo lingali linafaa. Timu za Marekani zaweza kumwacha Leaf na kumtafuta mwingine, maana kuna uchaguzi mpya kila mwaka. Mwalimu wa Mpale hana uchaguzi mpya. Watoto alio nao ndio hao, na kijiji kitajengwa na hao. Katika kundi ambalo hakuliandika karatasini huenda yumo aliye namba 199, na hata kama hayumo, kila mmoja ana haki ya kugusa mpira, kuulizwa swali na kungojewa jibu.

Ndugu mwanachuo, utakapofika shuleni utaombwa majina, nawe utayatoa, kwa kuwa kazi haiwezi kwenda bila kuchagua. Yatoe kwa uangalifu, yaandike kwa penseli, uwe tayari kuyafuta na kuyaandika tena. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kulea huko huanza asubuhi ya pili, baada ya orodha kubandikwa ukutani.